Ubatizo na bei ya mtumwa katika Rasi ya Tumaini Jema

Ndugu Mhariri,

Wanafunzi wetu husoma kwamba Waholanzi walifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, lakini ni nadra kuelezwa jinsi dini ilivyotumika kulinda umiliki wa watu katika koloni hilo. Naomba nafasi nilieleze jambo hili, kwa kuwa naona tunawadhulumu waliotumikishwa tunapolipita kimya.

Sinodi ya Dordrecht ya 1618–1619, yaani mkutano mkuu wa Kanisa la Kiprotestanti la Uholanzi, ilipoulizwa na kanisa la India Mashariki kuhusu kubatiza watoto wa watumwa, ilipokea maoni kwamba aliyebatizwa astahili uhuru sawa na Wakristo wengine, wala asiuzwe tena. Maoni hayo hayakuwa sheria, na uamuzi wa nani abatizwe ukaachiwa mkuu wa kaya, ambaye ndiye hasa angepata hasara. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki iliwabatiza watoto waliozaliwa katika Jumba lake la Watumwa mjini Cape Town, kisha ikaendelea kuwamiliki. Mabwana binafsi wengi hawakubatiza kabisa. Mwaka 1742, Jacobus Capitein, ambaye mwenyewe alichukuliwa mtumwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, alitetea katika chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, tasnifu kwamba utumwa haupingani na uhuru wa Kikristo. Wenye mali hawangeweza kutamani mtetezi wa kuwafaa zaidi ya huyo.

Batavia (Jakarta ya leo), makao makuu ya Kampuni huko Asia, ilipoagiza mwaka 1770 kwamba mtumwa aliyekuwa Mkristo asiuzwe, agizo lililokusudiwa kuwa kinga likawa kizuizi cha ubatizo, maana mtumwa asiyeweza kuuzwa alimpungukia bwana wake thamani. Gavana Cradock, chini ya utawala wa Waingereza, alilifuta mwaka 1812 kwa sababu hiyo hiyo.

Wakati huo Uislamu ulikuwa unakua miongoni mwa watumwa, ijapokuwa Kampuni haikuruhusu ibada yake ya hadhara, na ruhusa haikupatikana hadi 1804. Tuan Guru, mwalimu wa Kiislamu aliyehamishwa kwa nguvu kutoka visiwa vya Mashariki (Indonesia ya leo) mwaka 1780 na kufungwa Robben Island, alifungua chuo cha Kiislamu mjini Cape Town mwaka 1793, na watumwa wakasoma humo. Wanaodai kwamba watumwa wa Rasi waliukataa Ukristo kwa ukaidi wanapaswa kwanza kueleza ni nani aliyewafungia mlango wa kanisa.

Msomaji wako,
Dar es Salaam