Latour hawafichi mvinyo, wanaungoja ukomae

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, ilidai kwamba shamba la mizabibu la Château Latour wanaficha chupa zao ili bei ipande. Mimi ni mhudumu wa mvinyo, kazi yangu ni kufungua chupa hizo mbele ya wenyewe, na naomba nafasi niwatetee.

Desturi ya Bordeaux ni kuuza mvinyo mwekundu ungali kwenye pipa, miezi michache tu baada ya mavuno. Mnunuzi analipa, chupa anaipata miaka miwili hivi baadaye, na kuanzia hapo kuutunza ni juu yake. Mwaka 2012 Latour, shamba lenye daraja la kwanza katika orodha ya ubora wa mvinyo wa Bordeaux tangu 1855, lilitangaza kujitoa; mavuno ya 2011 yakawa ya mwisho kuuzwa kwa mtindo huo. Sasa chupa hulala huko huko shambani, Pauillac, mpaka wenye shamba waridhike kwamba mvinyo umekomaa.

Na zinahitaji kulala. Latour hutegemea zaidi zabibu za Cabernet Sauvignon, zenye ganda nene na tanini nyingi (ule ukakasi unaokausha kinywa), na mapipa mapya ya mwaloni huongeza tanini nyingine. Mvinyo huo ukinywewa mchanga hukausha ulimi, na harufu zake hazijitokezi. Miaka ikipita, tanini hushikana na rangi, zikawa nzito na kutuama chini kama mashapo. Uzambarau unafifia, inabaki rangi ya tofali, na penye harufu ya tunda lililochumwa punde panaingia harufu ya mwerezi, tumbaku na ngozi. Kuumimina kwenye chombo cha kioo saa mbili kabla ya chakula husaidia, lakini kazi ya miaka 15 haifanywi na saa mbili.

Kinachoniuma ni chupa zilizosubiriwa mahali pabaya. Mvinyo unataka giza, utulivu na ubaridi usiobadilika, nyuzi 13 hivi. Nimeletewa chupa zilizopita mikononi mwa wafanyabiashara kadhaa, joto limekisukuma kizibo, mvinyo umevujia shingoni. Mwenyewe alilipa fedha nyingi, akavumilia miaka, kisha nikammiminia kitu kilichopikika. Chupa inayobaki kwenye ghala la shamba lake haifikwi na hayo.

Ni kweli, Latour hutoza gharama ya kungoja huko. Ni kweli pia kwamba François Pinault, bilionea Mfaransa aliyelinunua shamba mwaka 1993, ana uwezo wa kungoja, ilhali jirani mdogo anahitaji fedha za mapema alipe wachumaji na mapipa. Mwandishi angeligusa hilo ningemuunga mkono.

Kwa mashamba yasiyoweza kungoja nina ombi dogo: yaandike kwenye lebo ya nyuma mwaka ambao wao wenyewe wangeifungua chupa ile. Mtunza ghala wao ameuonja tangu ukiwa pipani, na makadirio yake yangemfaa sana mnunuzi anayebaki kubahatisha.

Mhudumu wa mvinyo