Hesabuni kura kabla ya kusifu uhuru wa vyuo

Mhariri,

Mazungumzo yetu hapa Dodoma kuhusu vyuo vikuu vya nchi zilizotoka kwenye udikteta huishia kwa aliyeng'olewa: mkuu wa chuo katimuliwa, picha ya rais imeshushwa ukutani, basi mambo yamekwisha. Hapo ndipo kazi inapoanza. Kiongozi mpya anawekwa na nani, kwa kura ngapi, na kanuni hiyo imeandikwa wapi?

Misri walijua kuchagua. Mubarak alipoondoka mwaka 2011, wahadhiri walianza kuwapigia kura wakuu wa vitivo na wa vyuo. Juni 2014, wakati hakuna Bunge, Rais Sisi akarekebisha sheria ya vyuo vikuu na uteuzi ukarudi mezani kwake. Miaka mitatu tu!

Indonesia imepinda kwa upole zaidi. Suharto alianguka Mei 1998, na mwaka 2000 vyuo vinne vikubwa, kikiwemo Gadjah Mada, vikapewa mamlaka ya kujiendesha. Baadaye waziri akatengewa asilimia 35 ya kura za kumchagua mkuu wa chuo cha umma. Asilimia 65 zilizobaki ni za seneti, yaani baraza la wanataaluma wa chuo. Ichukue seneti ya wajumbe 65, kila mmoja na kura yake: waziri peke yake ana kura 35. Mtu wake akiokota wajumbe 16, amefikisha 51 na kapita, hata kama 49 wamemkataa. Na 16 si wa kutafuta kwa tochi. Kila seneti ina wanaosubiri vyeo.

Hispania walichelewa, lakini walijenga kwa saruji. Franco alikufa 1975, uhuru wa vyuo ukaingia kwenye Katiba ya 1978, sheria ikaja 1983. Cha katiba hakifutwi kwa saini moja. Walipojikwaa ni kwenye ajira: kamati ya watu 5, wawili wakiwekwa na chuo chenyewe, watatu kwa kura ya bahati. Chuo kikimvuta mmoja tu kati ya hao watatu, kijana wa nyumbani kapata kazi. Lawama ya vyuo kuajiri wanafunzi wao wenyewe inawaandama hadi leo.

Kwa hiyo anayelitaja Azimio la Dar es Salaam la Aprili 1990, lile la uhuru wa kitaaluma, kwenye semina zetu afungue pia hati idhini ya chuo chake, atafute ibara ya uteuzi, kisha awahesabu wajumbe wa Baraza mmoja mmoja: huyu kaletwa na nani, na nani anaweza kumwondoa.

Msomaji,
Dodoma