Barua ya Wazi kwa Vijana wa Kanisa, Dodoma: Si Kila Mlango Uliofunguka Umefunguliwa na Mungu

Wapendwa vijana wetu, mlioajiriwa na mnaojiajiri, mnaosali nasi hapa mjini na mlio Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa,

Mbukwenyi. Bwana Yesu asifiwe.

Katika semina ya mwezi uliopita mmoja wenu aliuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna kiwanja kinauzwa haraka kwa nusu ya bei, kwa kuwa mwenye nacho ni mjane ambaye ndugu za marehemu mumewe wanamsukuma aondoke. Na kwa vile yeye alikuwa amefunga na kuomba apate mahali pa kujenga, akauliza kama huo si mlango aliofunguliwa na Mungu. Wengi mlisema amina. Mimi nikamwambia aendelee kuomba, jibu ambalo sisi wazee hulitoa tunapotaka kikao kiishe. Tangu siku hiyo sijatulia, ndiyo sababu ya barua hii.

Nianze na mlango wangu mwenyewe. Kabla sijastaafu nilikuwa mnunuzi wa mahindi katika soko moja la nafaka la hapa kwetu kanda ya kati. Mwaka mmoja mvua zilikuwa nzuri, mahindi yakajaa, wenye malori walikuwa wachache, na mimi nilikuwa na fedha mkononi. Nilimshukuru Mungu hadharani kanisani kwa kunifungulia mlango. Na nilinunua kama wote tulivyonunua, kwa lumbesa: gunia la debe sita linajazwa hadi mdomoni, kisha linavikwa kilemba cha gunia jingine, kinashonwa kwa shazia na kamba, na ndani yake kinaingia debe la saba, wakati mwingine na la nane, kwa bei ile ile ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya nchi yetu haitaki mazao yafungashwe zaidi ya kilo 100, lakini pale sokoni aliyetaja mizani alionekana mgeni.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeleta magunia manne. Vijana wangu walipokuwa wakishindilia gunia la mwisho, punje kadhaa zilimwagika vumbini. Yule mama alichutama, akawa anaziokota moja moja na kuziweka kwenye pindo la khanga yake, huku juu ya kichwa chake debe zima lisilolipiwa likishonewa ndani ya kilemba. Niliona. Nikageuka nikaanza kuhesabu fedha.

Ninyi mliozaliwa juzi huenda hamjui kwamba wazee wetu wa Ugogo waliipa njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 jina lake, Mtunya, wakati vita vya wakubwa, yaani Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vilipopita hapa na kukomba nafaka na ng'ombe. Katika nchi yenye msimu mmoja tu wa mvua, debe moja ni wiki kadhaa za uji wa watoto. Mimi niliyajua hayo tangu utoto, na Mithali 11:1, inayosema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, nilikuwa nimeikariri. Kwa hiyo sikukosa maarifa. Nilikuwa nimeshaipa faida yangu jina la baraka, na jambo likishaitwa baraka, nani tena atalihoji?

Ndiyo maana napenda mkasome habari za Daudi katika 1 Samweli 24. Mfalme Sauli, aliyekuwa akimwinda ili amuue, aliingia peke yake katika pango lile lile ambamo Daudi na watu wake walikuwa wamejificha. Mlango gani ungefunguka zaidi ya huo? Watu wake hata walitumia maneno ya kiroho, wakamwambia kwamba hii ndiyo siku ambayo Bwana alimwahidi. Daudi alikata upindo tu wa vazi la Sauli, na hata kwa hilo moyo wake ukamchoma. Nafasi ilikuwepo, ahadi ilikuwepo, mashahidi wenye imani walikuwepo, naye akakataa, kwa sababu lililokuwa mbele yake lilikuwa ni kumwaga damu ya mtu aliyetiwa mafuta na Bwana. Nafasi humwambia mtu kwamba jambo linawezekana, haimwambii kama ni halali.

Moyo wa Daudi ulichomwa na kipande cha nguo. Wangu haukuchomwa na debe zima. Tofauti hiyo haikuanza siku ile. Waebrania 5:14 inasema kwamba chakula kigumu ni cha watu wazima, ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Tazameni hilo neno "zimezoezwa". Wengi wenu mnangoja ufunuo siku ya uamuzi mkubwa, mnatafuta mtumishi mwenye maono, mnapigiana simu usiku, ilhali akili zenu hazijazoezwa katika mahudhurio ya kazini mnayosainiana, katika risiti inayoongezwa sifuri, katika ule mkopo wa riba ya kunyonya, uitwao kausha damu, ambao mmoja wenu anawakopesha kina mama wa sokoni na kuutolea zaka. Sisemi maono hayapo. Lakini Paulo aliyewaambia Wathesalonike wasiutweze unabii aliwaambia papo hapo wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema.

Yapo pia mambo ambayo Wakristo wa kweli hawakubaliani, nayo yanahitaji upole. Hapa Dodoma tuna zabibu. Nimewasikia mkibishana kama muumini wa Hombolo au Bihawana anaweza kuuza zabibu zake kwa kiwanda cha mvinyo, na mmebishana mpaka wawili hawasalimiani. Someni Warumi 14 yote, wala msiishie kwenye mstari unaowapendeza. Paulo anataka kila mtu athibitike katika akili zake mwenyewe, anakataza kumhukumu ndugu, na bado anamtaka mwenye uhuru auache uhuru wake, hata wa nyama na divai, kama unamkwaza mwenzake. Mimi shamba langu la mizabibu nililing'oa, kwa sababu nina ndugu anayepambana na ulevi na ndiye aliyekuwa akilipalilia. Jirani yangu analo mpaka leo, na tunashiriki meza moja ya Bwana.

Kinachonisikitisha ni kwamba juu ya zabibu tunapaza sauti, na juu ya kilemba cha gunia hatusemi. Bwana wetu aliwakuta watu wa namna hiyo, waliolipa zaka za mnanaa na bizari wakaacha adili na rehema na imani. Lililo wazi katika Maandiko tunalifanya gumu kwa sababu lina faida, na lililo gumu kweli tunalifanya jepesi kwa sababu linamhusu mwingine.

Sasa narudi kwako, kijana wa kiwanja. Katika swali lako ulieleza maombi yako, bei, na haraka ya muuzaji. Yule mjane alipita katika maneno yako kama sehemu ya maelezo ya bei. Hukusema ataishi wapi, wala kama fedha hiyo itafika mikononi mwake, wala kama mwenyewe anataka kuuza. Hayo hayahitaji kufunga siku tatu, yanahitaji kwenda kumuuliza. Huenda akasema ameamua mwenyewe na bei hiyo inamtosha, na hapo nitakuwa shahidi wako kwa furaha mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Kama hujalipa bado, usilipe. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa nje ya kanisa, twende wote.

Ni mimi,
Mzee wenu wa kanisa, Dodoma