Cheti kina muhuri, mikono mitupu

Ndugu Mhariri,

Mwanangu amemaliza stashahada ya usalama wa mtandao, chuo sikitaji. Juzi mama muuza vitenge wa hapa mtaani alidanganywa na tapeli akamtajia tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake, WhatsApp ikahamia kwa mwizi. Alikuja mbio kwetu. Kijana akabaki anakuna kichwa. Miaka miwili alinakili ubaoni maana ya "faiawoo" (ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandao), lakini kuipanga mwenyewe, hata siku moja. Kompyuta zilikuwa 12, wanafunzi 70, na umeme wenyewe mnaujua.

Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015; kinachokosekana ni mafunzo kwa vitendo. Vifaa navyo si ghali: Kali Linux, mfumo wenye zana za kupima usalama, na Wireshark, programu ya kuchungulia data inayopita mtandaoni, hupakuliwa bure, na kompyuta moja yenye RAM ya GB 8 hubeba kompyuta pepe mbili, yaani za kuigizwa ndani yake kwa programu, moja ishambulie nyingine bila kumdhuru mtu. Kijana apekue kumbukumbu za seva, amtafute aliyebahatisha nywila mara 200 usiku wa manane.

Na waajiri wanaodai uzoefu wa miaka mitatu wapokee wanagenzi, angalau kwa nauli.

Mzazi,
Mbagala, Dar es Salaam