Barua kwa mwanangu: kuna sauti sikuisikia

Mbukwa mwanangu. Najua tunaongea kwa simu ila hili nimeona niliandike, mana kwenye simu we unasema haya baba mimi nasema haya mama alafu tunakata, na ndo tumeishi hivo tangu mwaka juzi ulipoacha kazi ya ofisini ukaanza huu muziki wa kelele mnaouita noizi.

Ile rekodi ya mashine yangu ya kusaga uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza. Dakika 22 zote. Nilikaa nje ya mashine usiku nimeshafunga, wateja wa mwisho wameondoka na ndoo zao, vumbi la unga bado linaelea kwenye taa, mdogo wako akaniazima hedifoni zake zile kubwa. Dakika za mwanzo niliumia kidogo moyoni, nikasema hii si mashine yangu hii hii, nimeisikia kila siku tangu 1998, sasa leo nikae tena usiku niisikilize ya nini. Ila ilipofika kama dakika ya sita nikakaa wima. Mkanda unateleza. Unateleza mara mbili tatu alafu unashika, na nyuma yake kuna mkwaruzo kama mtu anatafuna changarawe, nikajua hii ni beringi ya upande wa ukutani, nikajua mpaka siku yenyewe, ni ile Jumamosi ulikuja ukabandika vile vidude vyako vya duara kama sarafu kwenye bodi ya kinu, mana Jumatatu yake ile beringi ilikufa na watu wenye uwele wao wakasubiri mpaka jioni. Yani mwanangu ulirekodi beringi inakata roho. Mimi nilikuwa nimesimama palepale nikadhani unarekodi kelele.

Siku ile ulinieleza kwamba kile kidude hakisikii hewa kama maiki ya kanisani, kinasikia chuma chenyewe kinavyotetemeka, ukaniambia ni kile kile kinacholia ndani ya saa za mezani na ving'ora, we umekigeuza tu badala ya kutoa sauti kinapokea. Nilikuitikia ili uondoke nifanye kazi. Saivi ndo naelewa, mana mimi miaka yote hii naishika mashine kwa kiganja, nikigusa bodi najua nyundo zimelika au chekeche limetoboka, na hakuna mtu alinifundisha. Kumbe kiganja changu na kidude chako vinafanya kazi moja.

Naomba unisamehe kwa lile neno. Nilikwambia mbele ya shangazi yako kwamba kelele siyo kazi, kazi ni ile ambayo mtu akiuliza unaweza kumjibu kwa neno moja. Ukanyamaza, ukamaliza chai, ukarudi Dar. Nimelikumbuka lile neno mara nyingi usiku, na sikutakiwa kulisema, mana nilisomesha watoto watatu kwa kelele.

Alafu kitu kingine. Babu yako kule Mvumi alikuwa anapiga ilimba, ile ala yetu ya vyuma unayogonga kwa vidole gumba, ulikuwa mdogo hukumkuta na nguvu zake. Lile sanduku la ilimba lina tundu, na juu ya tundu alikuwa anabandika utando wa buibui, siyo urembo, ni ili kila ukigonga chuma kuwe na mzizimo juu yake, ile zzzz. Utando ukichanika alikuwa hapigi. Anasema ilimba imelala. Anatutuma watoto tukatafute mwingine kwenye kuta za zizi, tunautoa taratibu na kijiti usipasuke. Hukwe Zawose aliyebeba ilimba ya Wagogo akazunguka nayo dunia mpaka alipofariki 2003, mzizimo ule aliubeba nao, hakuuacha Dodoma ili wazungu wasikie sauti safi. Kwa hiyo mtu akikuuliza hiyo noizi umeitoa wapi, huna haja ya kuanza na Ulaya.

Ingawa ya huko pia nimesoma, mdogo wako ananitafutia. Yule Muitaliano Luigi Russolo aliyeandika 1913 kwamba kelele za mitambo ni muziki akatengeneza na masanduku ya kuzipiga, yule Mfaransa Pierre Schaeffer wa 1948 aliyekata kata sauti za treni. Sawa. Ila aliyenikaa rohoni ni yule Mmisri, Halim El-Dabh, na nilikasirika kwamba hukuwahi kuniambia habari zake, au uliniambia nikawa sisikilizi. Kijana wa Cairo, mtu wa kilimo, anasomea kilimo kabisa, mwaka 1944 anaazima mashine ya redio ya kurekodia kwenye waya, anaenda kwenye ngoma ya zaar ya akina mama, ni kama hii yetu ya kupunga pepo, anarekodi, anarudi studio anaanza kuondoa ile sauti ya mbele anabakiza mwangwi tu mpaka inakuwa kitu kingine kabisa. 1944! Miaka minne kabla ya yule Mfaransa. Kwa hiyo Mwafrika mwenye umri kama wako alishafanya unachofanya kabla hata mimi sijazaliwa, na akadumu nacho, akaenda Marekani akafundisha, akaishi mpaka 2017, miaka 96.

Kudumu ndo kitu mzazi anaangalia. Mimi nilidhani haya mambo ni ya ujana, mtu anafanya miaka mitatu anachoka. Alafu nasoma yule Mjapani wako wa noizi, Merzbow, ameanza 1979 na mpaka leo anatoa kazi, mwaka 2000 alitoa boksi moja lina sidii 50 ndani. Hamsini mama. Sijui kama nitaweza kumsikiliza, nilijaribu dakika nne kichwa kikaniuma, lakini mtu anayeamka kila siku zaidi ya miaka 40 kwenda kwenye jambo lile lile namheshimu kama namheshimu fundi yeyote.

Ya hela sitakaa sana mana unajua kuliko mimi. Ulinieleza kwamba Bandcamp, ule mtandao wa kuuzia muziki, mtu akinunua muziki wenyewe wanakata asilimia 15 kinachobaki ni chako ukitoa na ada za kutuma, na kwamba shoo moja Kampala au Nairobi inaweza kulipa kodi ya miezi miwili na nyingine isilipe hata nauli. Hao vijana wa singeli wa Mburahati, kina Sisso, kazi yao ilitolewa ikafika nje na Nyege Nyege, lebo ya muziki ya Kampala, mwaka 2017, kabla ya hapo sisi wenyewe hapa tulikuwa tunasema ni makelele ya bodaboda, kwa hiyo najua mlango unaweza kufunguka kwa jirani kwanza. Ninachoomba ni kimoja, usisaini karatasi yoyote inayosema masta, yani rekodi yako yenyewe, ni ya mtu mwingine, hata kama ana tabasamu zuri na tiketi ya ndege mkononi. Kajisajili BASATA kwenye baraza la sanaa, kazi zako zipeleke COSOTA kwenye hakimiliki hata kama watashangaa wakisikia kinu, sheria haisemi lazima kuwe na kuimba.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Nilipomaliza kusikiliza usiku ule mdogo wako akachukua hedifoni naye akasikiliza, alafu akasema baba hii sauti nyembamba imekaa vizuri sana. Nikamwambia ipi. Akasema hii ya juu kabisa, kama mbu lakini tamu, inalia toka mwanzo mpaka mwisho, kila kitu kingine kinabadilika yenyewe imesimama tu. Nikavaa tena. Hakuna. Nikamwambia rudisha mwanzo, nikafumba macho. Hakuna kitu mwanangu. Akataka kuongeza sauti nikamzuia, akaniangalia vile watoto wanavyomwangalia mzazi wakigundua kitu, nikajifanya natafuta funguo.

Wiki iliyofuata nikaenda hospitali. Wanakufungia kwenye kachumba wanakuvalisha hedifoni unabonyeza kitufe ukisikia mlio. Nilikaa muda mrefu bila kubonyeza nikadhani kifaa kimekatika umeme. Daktari akanionyesha mchoro, mstari unakwenda vizuri kwenye sauti nene, ukikaribia hezi 4,000, kwenye sauti nyembamba, unatumbukia kama umeanguka kisimani. Akaniuliza unafanya kazi gani kabla hajasema lolote. Nikamwambia nasaga. Akatikisa kichwa, akasema ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana, hivo ndo vinasikia, na vikifa havioti tena, siyo kama kucha. Alafu nikamuuliza na huu mlio wa nyenze ninaousikia usiku kukiwa kimya, akasema ndo wenyewe. Nyenze wangu nimekuwa nao kama miaka saba mama. Nilikuwa nadhani kila mtu wa umri wangu anao, na ndo mana TV nawasha kwa nguvu mpaka mama yako anahamia jikoni.

Akanichorea hesabu nyuma ya kadi nami nakuandikia kama ilivyo. Kelele ya desibeli 85 mtu asizidishe saa nane kwa siku. Ikiongezeka tatu tu, 88, muda unagawanywa nusu, saa nne. 91 saa mbili, 94 saa moja, inaenda hivo mpaka 100 ambayo ni dakika 15. Dakika 15! Na we uliniambia pale ulipopiga shoo, spika zilikuwa zinakusukuma kifuani, na ulipiga dakika 40 umesimama mbele yake, ukaniambia kwa furaha kwamba masikio yalilia mpaka kesho yake. Mimi nikacheka nikasema vizuri. Nisamehe na hilo. Sikio likilia mpaka kesho yake limepigwa, hata kama baadae linanyamaza.

Kwa hiyo sikwambii acha. Sikwambii punguza, mana najua ule waya wako unaoutoa kwenye miksa na kuurudisha mlemle mpaka mashine ianze kujisikiliza yenyewe hauna raha kwa sauti ndogo, niliona uso wako siku unanionyesha. Nakwambia ziba. Kuna vile viziba masikio vya wanamuziki vinavyopunguza sauti zote sawasawa, siyo kama pamba inayokata za juu tu, nunua hivo kabla ya kununua pedali nyingine, ukikosa hela niambie, msimu huu uwele umekuja mwingi. Ukiwa unapanga sauti nyumbani pumzika nje kila baada ya muda. Na ukiajiri kijana wa kukubebea vyombo na yeye mzibe, mana mimi nimekuwa na vijana wanne kwenye kinu kwa nyakati tofauti na hakuna niliyemwambia chochote, mmoja wao saivi ukimwita lazima uzunguke mbele yake. Hilo linaniuma kuliko la kwangu.

Mimi naziba saivi. Nilinunua yale makubwa ya mafundi wa kuchomelea, wateja wananishangaa, wengine wanadhani nasikiliza mpira.

Ule mkanda bado sijaubadilisha, umechakaa zaidi ya ulivyouacha na unateleza kila nikiwasha, fundi anataka aufunge mpya lakini nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi. Panda treni ya asubuhi, mchana uko hapa. Beringi ya zamani nayo sikuitupa, nimeifunga kwenye kitambaa chini ya mizani.

Na ukija njoo na kompyuta. Mdogo wako anasema sauti ukiipunguzia spidi nusu inashuka chini, ukipunguza tena nusu inashuka zaidi, na kwamba ile nyembamba ingeweza kushuka mpaka pale ninapobonyeza kitufe. Nishushie mama. Nataka niisikie.

Baba yako.