Barua ya wazi kwa vijana mnaotaka kuisomea fasihi ya enzi ya Shakespeare

Wanangu mlioko Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, nanyi mliokwisha kuvuka bahari,

Wengi wenu mliingia katika fasihi hii kupitia Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi za Mwalimu Nyerere, au Makbeth ya S. S. Mushi. Njia nzuri, sina neno nayo. Tatizo ni maombi ya uzamivu mnayoyaandika baadaye. Yanajaa mapenzi na nadharia, ushahidi hakuna. Kamati inayosoma mafungu ya maombi ya namna hiyo kila Januari haiwezi kuyatofautisha. Taaluma ya maandishi ya Uingereza ya kati ya 1500 na 1700 inasimama juu ya karatasi, kwa hiyo jifunzeni karatasi kwanza.

Anzeni na namna kitabu kilivyotengenezwa. Karatasi nzima ikikunjwa mara moja hutoa majani 2, yaani kurasa 4, na kitabu chake huitwa folio. Ikikunjwa mara mbili ni majani 4, kurasa 8: kwarto. Mara tatu, majani 8, kurasa 16: oktavo. Namba za kurasa katika vitabu vile mara nyingi hazipo au zimekosewa, kwa hiyo tunanukuu kwa alama zilizochapwa chini ya ukurasa. B2v maana yake ni mkunjo B (fungu la majani yaliyokunjwa pamoja, lenye alama B), jani la pili, upande wa nyuma. Alfabeti ya mikunjo ina herufi 23, kwa kuwa I na J zilihesabiwa moja, U na V moja, na W haikutumika. Ukiandika "uk. 14" kwa kwarto ya 1604, mhariri wa jarida atajua kabla ya kufika aya ya pili kwamba kitabu chenyewe hujakitazama.

Kisha jueni kwamba tamthilia moja si matini moja. Hamlet ina matoleo matatu ya mwanzo: la 1603, la 1604–05, na la Folio ya 1623, yaani mkusanyiko wa tamthilia za Shakespeare. Lile la 1603 ni fupi mno kuliko la pili, na mzee anayejulikana kama Polonius humo anaitwa Corambis. Hata nakala za toleo moja hazilingani. King Lear ya 1608 ilisahihishwa huku mtambo ukiendelea kupiga chapa, na kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali, kurasa zenye makosa hazikutupwa. Zilifungwa pamoja na zilizosahihishwa. Mtu akijenga hoja nzima juu ya neno moja alilolikuta katika nakala moja, mhakiki mwenye nakala ya pili anaiangusha kwa sentensi moja.

Hapo ndipo picha za vitabu hivi mtandaoni zinapowaponza. Hazina ya Early English Books Online ni ya kulipia, na picha zake nyingi zilitokana na mikrofilamu za zamani: nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kitabu hauonekani, wino wa upande wa pili umepenya. Matini za vitabu hivyo zilizonakiliwa na watu, herufi kwa herufi, chini ya mradi wa TCP (Text Creation Partnership) ni za bure, na hizo zitumieni sana, ila mtafute kwa akili. Wachapaji waliandika v mwanzoni mwa neno na u katikati, hivyo love ni loue na under ni vnder. Anayetafuta tahajia ya leo peke yake, bila kuiamuru programu itafute na tahajia nyingine, anarudi na sehemu ndogo ya yaliyomo, halafu anatangaza kwamba neno lilikuwa adimu.

Mwandiko wa mkono ni kazi nyingine. Makarani wa enzi hizo walitumia mwandiko uitwao secretary, ambao e yake imegeuka nyuma, c inafanana na r ya leo, na h inashuka chini ya mstari. Chuo Kikuu cha Cambridge na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza wameweka mafunzo ya bure mtandaoni. Nusu saa kila siku itawafikisha, saa sita za Jumamosi hazitawafikisha. Na wale mliozoea kusoma tenzi katika hati za Kiarabu, msijione wageni hapa. Jicho lenu limekwisha kufundwa.

Tarehe nazo zina mtego wake. Mwaka wa Kiingereza ulibadilika 25 Machi, si 1 Januari, na desturi hiyo ilidumu hadi 1752. Malkia Elizabeth wa Kwanza alifariki 24 Machi, ambayo kwa hesabu yetu ni 1603, lakini karani wa siku ile angeandika 1602, siku ya mwisho ya mwaka. Barua ya "Februari 1602" inaweza kuwa imeandikwa baada ya ile ya "Novemba 1602". Tasnifu zimewahi kupinduliwa juu chini na jambo dogo hili.

Sasa mada. Ninawasihi mwache Othello wa Shakespeare kwa muda. Amezungukwa na watu wengi. Kuna mahali ambapo nyinyi mnaona asichokiona mwenzenu wa London. Katika utenzi wake Paradise Lost, mshairi Mwingereza John Milton anampandisha Adamu mlimani aonyeshwe falme za dunia, na kati yake zimo Mombaza, Quiloa na Melind, yaani Mombasa, Kilwa na Malindi. (Mistari hiyo imo Kitabu cha 10 katika toleo la 1667, na Kitabu cha 11 katika lile la 1674 lililogawa upya vitabu. Taja toleo.) Kabla yake, meli Edward Bonaventure ya nahodha Mwingereza James Lancaster ilitia nanga Zanzibar mwishoni mwa 1591 ikakaa hadi mapema 1592, na habari zake zilichapishwa na Richard Hakluyt, mkusanyaji wa habari za safari za Waingereza. Humo Waingereza wanakamata chombo kilichoshonwa, chenye tanga la majani ya mnazi, ndani yake yumo mtu wanayemwita kasisi, "Sherife". Mswahili yeyote anajua sharifu ni nani, na kwamba si kasisi. Wahariri wengi wamepita hapo bila kusimama. Kwa mada ya namna hii mtahitaji Kireno, maana Wareno walikuwa wametangulia pwani, na Kilatini, ambacho waandishi wengi wa zama hizo walikisoma tangu shule. Anzeni Kilatini mkiwa bado uzamili, kwa kuwa baadaye muda haupatikani.

Kuhusu safari yenyewe sitasema mengi. Uzamivu wa Uingereza ni miaka 3 hadi 4 na unaingia moja kwa moja kwenye tasnifu. Wa Marekani ni 5 hadi 7, una masomo darasani na mara nyingi posho ya kufundisha. Asiye na msingi wa Kilatini na mwandiko aende Marekani. Programu ya Fulbright ya wasaidizi wa kufundisha lugha huchukua walimu wa Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo. Shahada haitoi, lakini maktaba inakufungulia. Nafasi za kudumu ni chache kuliko wahitimu kila mahali, kwa hiyo jifunzeni pia kuorodhesha vitabu adimu na kuhariri matini za kidijitali. Kazi hizo zinalipa. Makala ya kwanza ipelekeni kabla ya kumaliza tasnifu, na mkijibiwa "rekebisha, ulete tena", rekebisheni mkalete. Hiyo si kukataliwa, ingawa wengi huizika humo humo.

Mwisho, barua za wadhamini. Mara nyingi huhitajika tatu. Mpe kila mmoja wiki sita, pamoja na pendekezo lako la utafiti, sampuli ya maandishi na tarehe za mwisho kwenye ukurasa mmoja. Mkumbushe wiki mbili kabla, kwa adabu, hata kama ni profesa anayeogopwa.

Wasalaam,
Mzee wenu