Maabara bila feni, zebaki tutaipikia wapi?

Mhariri,

Mimi ni fundi wa maabara ya fizikia hapa Nairobi. Mwezi jana mwanafunzi aliniletea bomba la kioo cha kwatzi lililozibwa, ndani mna oksidi ya zebaki na ya bariamu, kalsiamu na shaba, akitaka tulitie tanurini. Nilimkatalia. Kwenye nyuzi 800 hivi zebaki ni mvuke mtupu, na bomba likipasuka tunauvuta sote. Chumba chetu hakina hata feni ya kutoa hewa chafu. Nimeiomba kwa barua mara tatu.

Kijana namwelewa. Tangu 1993, kwa kazi iliyofanyika Zurich, inajulikana kwamba mchanganyiko huo, ukishapikwa, hupitisha umeme bila ukinzani wowote ukipoa hadi nyuzi 140 hivi chini ya sifuri. Basi tulitumia kidonge chenye itriamu (aina ya metali), kisicho na zebaki, ambacho nacho hupoteza ukinzani kikipoa sana na kuisukuma sumaku. Tulikimwagia nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, na sumaku ndogo kama punje ya hindi ikaelea juu yake. Darasa likanyamaza. Nitrojeni ilipokauka, sumaku ikashuka taratibu.

Wakuu wetu, tafadhali, nunueni hiyo feni muhula huu.

Fundi wa maabara,
Umoja, Nairobi